Mgongo wa Tai

Jumamosi, mnadani Kilimatinde,
mali za marehemu Chilewa zimetandazwa juu ya turubai:
cherehani isiyo na gurudumu, majembe mawili,
kopo la vifungo.
Ndani ya kopo, beji ya Mjerumani:
tai, bawa moja limeliwa na kutu.

Nikajikausha. Mkusanyaji hahemi mbele ya dalali.
"Elfu tano!" Nikakuna shingo.
"Kumi," akasema bibi mmoja wa kaniki,
hakuinua hata mkono.
Ishirini. Thelathini na tano.
Kwenye themanini akanyamaza,
akajifunga kaniki upya,
akaenda kutazama mbuzi.

Nyumbani ninao kumi na saba,
wamelala kwenye pamba, kila mmoja na namba yake.
Huyu nikamgeuza, nimsugue mgongo
kwa majivu na ndimu.

Mikwaruzo.
Ya msumari, na si ya bahati mbaya:
midogo, imepangwa safu safu kama uwele shambani.
Nikahesabu. Umeme ukakatika, nikawasha kibatari,
nikahesabu tena kwa ukucha:
hamsa wa ishirini.

Ndimu imenikaukia mkononi.
Sijui nimlaze chali au kifudifudi,
wala yule bibi
sikumwuliza jina.