Juzuu ya Tisa

Nimeimaliza saa tisa na robo usiku,
jikoni, miguu ndani ya beseni la maji yaliyokwisha kupoa.
Sikulia.
Niseme kweli: nililia baadaye,
nilipokuta karatasi mbili tupu mwishoni
nikazifunua moja moja, mbele na nyuma,
kama mtu anayepekua mifuko ya koti
akijua fika hela alishaitumia.

Miaka kumi na saba.
Juzuu ya kwanza ilinijia pamoja na nguo chafu,
imesahaulika mfukoni mwa koti la kulalia la mgonjwa wa wodi ya sita,
jalada limelowa, ramani imechanika katikati ya bahari.
Nikaianika juu ya bomba la mvuke.
Mwenyewe hakurudi kuidai.
Ilipokauka, mimi nilikuwa nimeshavuka Lango la Chumvi
nyuma ya Orvena na farasi wake kilema.

Tangu hapo ni kusubiri. Kitabu kinaandikwa mbali,
kisha kinamsubiri mtu wa kukitia katika Kilatvia,
kisha kinausubiri mshahara wangu.
Juzuu ya saba ilichukua miaka minne.
Nilimzika mume wangu, nikawekewa meno mapya,
mto Daugava ukaganda ukayeyuka, ukaganda ukayeyuka,
na Orvena bado ananing'inia kwenye mnyororo ule ule wa daraja,
kwa mkono mmoja,
nami kila alfajiri ndani ya tramu namnong'oneza:
shikilia, mama, shikilia.

Sasa hakuna wa kuambiwa ashikilie.
Kardush amesamehewa (mimi sijamsamehe).
Mnara umeanguka kwa aya moja,
aya moja! mnara tulioukwea juzuu tatu nzima.
Orvena amezeeka, analima vitunguu.
Sentensi ya mwisho ni mlango unaoachwa wazi kidogo
ili paka apite.
Nzuri. Nzuri mno.
Nilitamani kumpiga mtu.

Dada yangu Biruta huviita "hayo majoka yako."
Hamna joka hata mmoja.

Saa kumi na mbili, chumba cha kufulia cha hospitali,
mashine zinanguruma, na Vallija yuko upande wa pili wa shuka.
Yeye hajasoma hata ukurasa.
Vitabu, anasema, vinafuga vumbi.
Lakini miaka yote hiyo, tukikunja,
pembe kwa pembe, hatua mbele, hatua nyuma,
nimemsimulia kila kitu,
na ni yeye aliyemshtukia mfalme kabla yangu:
"Mtu asiyemaliza supu yake, usimpe upanga."

Akanitazama macho yaliyovimba. Akajua.
"Usiniambie kwanza."
Tukakunja mashuka kumi na manne, kimya.
Kisha: "Haya. Ila anza na farasi."

Farasi.

Nikazirudia kichwani kurasa mia saba na kumi na mbili.
Tulimwacha kwenye kivuko cha pili,
amefungwa kwenye mti, mvua inanyesha,
na Orvena akamwambia: nitarudi.
Hakurudi.
Hakuna aliyemkumbuka; si Orvena, si aliyeandika,
wala mimi niliyelilia karatasi tupu.

Shuka lilikuwa limetanda kati yetu. Hakuniona uso.
"Alifika," nikasema.
"Kamba ilioza, ikakatika. Akafuata harufu ya vitunguu,
siku nyingi, anauburuta mguu ule ule.
Orvena alimsikia kabla hajamwona:
kwato tatu nzito, moja nyepesi."

Vallija akazileta pembe zake kwenye zangu.
Vidole vyake vilikuwa na joto la mvuke.
"Nilijua," akasema. "Nilijua huyo mwandishi hana roho mbaya.
Na mnara?"

Nikavuta shuka jingine.
"Mnara," nikasema, "uliporomoka wiki nzima."