Moja, Mbili

Nikijaribu kipaza husema: moja, mbili.
Ustadh Shamte, kanzu ameikunja magotini, hucheka:
"Ishia moja, fundi."
Mwinjilisti Ambakisye hudakia toka upande wa pili wa meza:
"Aa, mwache afike tatu!"
Nami hubaki palepale kwenye mbili,
ambako hapana anayesali.

Spika ni zilezile nne, nilizinunua Kariakoo kwa kudunduliza.
Wiki hii mhadhara, wiki ijayo mkutano wa injili,
katikati kigodoro cha Tandika, ambacho, niseme kweli,
ndicho kinacholipa bila kukumbushwa.
Leo wamenikodi wote wawili, nusu kwa nusu,
uwanja wa shule, Mbagala.
DINI IPI YA HAKI, linasema bango,
ila mwandishi aliishiwa nafasi,
herufi za HAKI zimebanana pembeni, zinateremka.

Wanasomeana vitabu,
huyu cha yule, yule cha huyu,
sura na mstari, mstari na sura,
kama mawakili wanaogombea kiwanja
ambacho hati zake zote mbili zina muhuri.
Takbira huku. Haleluya kule.
Sindano ya mashine inarukia kwenye wekundu, naishusha.
Miaka kumi na tisa ya kazi hii imenifunza jambo moja:
sauti ikizidi, spika haisemi zaidi,
inakwaruza tu.

Ukafika wakati wa maswali.
Bi Somoe, muuza karanga, beseni kalikwatia kwapani,
alishika kipaza kama mtu aliyeshika samaki hai.
"Mimi Mmatumbi. Bibi yake bibi yangu
alikufa merikebu zenu zote hazijatia nanga.
Alimwomba Mungu mvua kwa unga wa mtama,
na ilinyesha, ndiyo maana mnaniona hapa.
Nauliza tu.
Mmemweka wapi?"

Sindano ikalala kwenye sifuri.
Nikadhani waya umechomoka. Nikaupapasa.
Ulikuwepo.

Kisha wakajibu, walikosaje kujibu,
kila mmoja dakika kumi, na wa pili akaongezewa tatu.
Bi Somoe alikwisharudi zamani kwenye biashara yake,
anapima karanga kwa kikombe cha kahawa,
anambishia mtoto kuhusu chenji.

Msinielewe vibaya. Nina dini yangu.
Nimelelewa nayo, nitazikwa nayo,
na nikiomba siombi kwa kubahatisha.
Lakini usiku ule, nikikunja nyaya kiwanja kitupu,
maganda yakilia chini ya viatu vyangu,
nikagundua kipaza sijakizima.
Nikakisogelea niseme moja, mbili, kama kawaida.
Nikajikuta nauliza:
mmemweka wapi?

Ukuta wa darasa ukanirudishia swali
kwa sauti yangu mwenyewe,
limechelewa kidogo.