Bawaba

Jumamosi, Taipei, ghorofa ya tatu,
mvua imenifuata hadi kwenye ngazi.
Muuzaji ana jina kifuani, Kuan-lin,
na kola iliyopigwa pasi na mtu mwingine.
Anazilaza kompyuta mbili mezani:
ya fedha, ya alumini, ukingo wake ungekata tofu;
na nyeusi, ya nyuzi za kaboni, isiyoomba kutazamwa.

Anaanza.
Skrini ya hii hung'aa hata juani.
Ya ile imefifia kidogo, lakini haikurudishii uso wako
pale unapotaka kusoma tu.
Hii haina feni, haipumui.
Ile ina feni mbili, na ukiibebesha kazi nzito hukoroma,
"lakini kwa adabu, mama."
Betri ya hii, saa kumi na nane. Ya ile, kumi na nne,
"ila hizo ni saa za kweli,"
anashusha sauti, kana kwamba amejisaliti.
Matundu mawili hapa. Sita pale.
Kibodi ya nyeusi ukiimwagia chai huitema chini;
ya fedha itainywa yote, utakayelia ni wewe.

Namwacha aogelee.
Sijamwambia nafanya kazi gani.

Kisha natoa kidole cha shahada, kimoja,
nakiweka chini ya kifuniko.
Ya fedha inafunguka bila kitako kunyanyuka
na kusimama pale pale nilipoiachia.
Nyeusi inang'ang'ania, kitako kinaruka unene wa ukucha,
halafu kinakumbuka malezi yake.
"Unaona? Kampuni mbili, falsafa mbili."
Naona. Tofauti ni robo ya mzunguko wa bisibisi.
Bawaba ni ileile.

Miaka kumi na tisa, Taoyuan.
Kabla mkono wa mashine haujaja, mkono ulikuwa wetu:
fungua, funga, mara elfu ishirini na tano kila bawaba,
tukipokezana, bega likiwaka.
Mashine ilipokuja wakanipa kiti na kazi ya kusikiliza.
Bawaba inayokaribia kufa haipigi kelele.
Hutoa sauti ya punje moja ya mchele
ikidondoka kwenye kigae,
nami huandika namba.

Fahali wawili, husemwa, hawakai zizi moja.
Hawa nimewaona wakilala trei moja, kwenye sponji,
mgongo kwa mgongo,
kabla hawajapewa majina ya kuchukiana.

Nazigeuza. Tumboni mwa nyeusi kuna skrubu nane za kawaida,
mlango unaosema karibu.
Ya fedha haina hata moja: gundi, na mshono usioonekana.
"Ikiharibika?"
"Haiharibiki," anasema,
na kwa mara ya kwanza anatazama pembeni.

Ningekuwa najinunulia mimi, mazungumzo yangeishia hapo.
Lakini Tsung-wei anahamia Tainan Jumatano,
mtoto anayefungua kila mlango kama anaudai,
asiyewahi kuomba kitu tangu baba yake aondoke,
na wiki iliyopita alinitumia picha ya hiyo ya fedha
bila neno hata moja.

Nahesabu noti: elfu arobaini na saba, mia tisa.
Bahasha inabaki nyepesi kama ganda la kitunguu.
Kuan-lin anafurahi; falsafa imeshinda.
Nyeusi anaifunga kwa mikono miwili,
na najikuta namwonea aibu, kama niliyempita ndugu barabarani.

Kwenye treni, baada ya Banqiao,
nalifungua boksi nililoapa kutolifungua.
Kifuniko juu. Kifuniko chini.
Nasogeza sikio.
Mwanamke wa kando anauvuta mwavuli wake kwake.
Juu. Chini. Juu. Chini.
Hakuna mchele.

Zimebaki elfu ishirini na nne, mia tisa tisini na saba.
Hizo ni zake.