Kisiwa cha Mafuta

Julai, Newala. Ukungu umelala juu ya bati
kama mtu asiyedaiwa na yeyote.
Nafunua sufuria ya jana, supu ya mbuzi.
Mafuta yameshaamua:
hapa yameganda, visiwa vyeupe,
ukivigusa kwa kijiko vinasogea vizima;
pale bado ni laini, yanateleza
kati ya visiwa kama watu mnadani.
Sufuria moja, mbuzi mmoja, baridi moja.
Nani aliyeyatenganisha?

Hiki ndicho nilichoshindwa kuwaambia Kidato cha Tano
nilipochora ubaoni utando wa seli,
safu mbili za vichwa, mikia ikitazamana,
na Chingwele akanyoosha mkono:
“Mwalimu, mbona yote yanafanana? Hayana mitaa?”
Nikasema tutaendelea kipindi kijacho.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chaki.

Yana mitaa, Chingwele.
Kuna mafuta yenye mkia uliopinda kama goti;
hayo hayabanani, yanataka nafasi, yanayumba.
Na kuna sfingolipidi, mikia mirefu, iliyonyooka,
hulala ubavu kwa ubavu kama kuni zilizofungwa mzigo,
kolesteroli ikipenya na kuziba mianya.
Hapo utando hunenepa kidogo, hutulia.
Protini fulani huhamia huko.
Nyingine hazipiti hata kusalimia.

Daktari wa zamani aliyeyapa jina
aliyaona ni fumbo,
akakumbuka jitu la kale lililokaa njiani
likitega watu, likimla aliyeshindwa.
Kitendawili!
Tega.
Nilikatwa kichwa ndipo nikapata ndugu.
Umeshindwa? Nipe mji.
Umenipa Lindi? Nimekwenda, nimerudi.
Seramaidi.

Kimeng’enya huja, hukata kichwa kikubwa;
kinabaki kidogo tu, na mikia ileile.
Wenye vichwa vidogo hukaa karibu karibu.
Huitana. Huisukuma kolesteroli nje
kama mgeni aliyezidisha siku.
Vichochoro huungana vikawa uwanja,
na uwanjani vipokezi husongamana, hupeana habari,
na mara nyingine habari yenyewe ni hii:
seli, zamu yako imekwisha.
Nayo hutii. Hujikunja, hujigawa vifurushi,
bila kelele, bila kumchafulia jirani.

Mama anaingia jikoni, anatafuta kiberiti.
Binti Nantende, misimu kumi na mmoja
akibangua korosho, majivu viganjani,
na mafuta ya ganda yakiyapita majivu.
Mwaka ule wa kusajili laini za simu
kijana alimwambia, weka kidole.
Futa, weka tena. Weka cha pili.
Vyote kumi, mashine ikavikataa.
“Mama, huna alama.”
“Mimi nipo,” akamjibu,
“vidole ndivyo vilivyonitangulia.”

Sijawahi kumweleza kwamba ngozi ya juu
ni ukuta wa seli zilizokwisha kufa,
na udongo uliokandikwa kati yake
ni jamaa zake hiyohiyo seramaidi.
Inayopiga mbiu ya msiba kwa seli
ndiyo inayozuia maji yasitutoke.
Labda angeelewa kunishinda:
amepanda mteremko huu na ndoo kichwani,
anajua kuta zisizovuja zinagharimu nini.

“Unakitazama chakula kama mtihani,” anasema.
Anabonyeza kisiwa kwa kidole gumba.
Kinabaki kishimo, kilaini,
bila mstari hata mmoja.

Usiwashe bado, namwambia, Chingwele hajaona.

Njiti imeshawaka.
“Chingwele na aje,” anasema, “ila supu
hainywewi baridi.”