Bamba la Kumi na Saba

St Helens, Novemba, saa tisa na robo, taa zimeshawashwa.
Chumba cha majaribio, nyuma ya kiwanda cha vioo,
mimi na mzee Rigby tunaangusha gololi.
Gololi ya chuma, gramu mia moja na thelathini,
kutoka sentimita arobaini, kisha hamsini, kisha sitini,
juu ya kioo chembamba kama ukucha.
Ta. Inadunda. Naandika: kizima.
Ta. Naandika tena.

Kioo hiki kimeogeshwa.
Saa nane ndani ya chumvi iliyoyeyuka, digrii mia nne,
na humo, pasipo jicho kuona,
chembe za sodiamu, ndogondogo, zilitoka vitini mwao;
zikaja za potasiamu, pana za mabega, zikakalia viti vilevile.
Hazikuvunja kiti. Hazikuomba radhi.
Zilibanana tu, kila moja ikimsukuma jirani,
na kubanana huko ndiko tunakouza
tukikuita uimara.

Ila ngozi ikibanwa, tumbo ndilo linalolipa,
linavutwa huku na huku, kimya.
Ukikitazama hivihivi, ni maji yaliyosimama.
Kiweke kati ya vichujio viwili vya nuru:
zambarau inachomoza ukingoni, manjano, kijani ya nyongo,
nguvu yote iliyotiwa akiba mle
na kioo hakikulalamika.

Bamba la kumi na saba lilipokea gololi tano.
Ya tano iliacha alama, nusu duara,
ungedhani punje ya unga.
Nikapima kwa hadubini: mikroni thelathini na nane.
Ngozi ina arobaini.
"Zimebaki mbili," nikamwambia Rigby.
"Mbili ni nyingi, binti," akasema,
kwa lafudhi yake ya kumeza nusu ya neno,
akaliegemeza dirishani, tukanywa chai.

Kwetu Korogwe husemwa, usipoziba ufa.
Huku hakuna wa kuziba. Ufa unangoja
unyevu wa hewa, mvuke wa birika,
pumzi ya mtu anayepita akisema habari za mpira.
Unakunywa. Unatambaa
nukta
kwa nukta. Hauna pa kuwahi.

Jumanne hakuja; alikuwa anamzika Doreen.
Jumatano alikuja, tai ileile nyeusi.
Nikampa pole. Akasema asante,
akauliza kama gololi zimefutwa mafuta.
Wiki tatu. Alicheka panapochekesha.
Alitia sukari vijiko viwili, kama kawaida,
akatoa mkate alioukata mwenyewe, vibaya, upande mnene upande mwembamba.

Kisha Alhamisi, saa kumi kasoro, hakuna aliyeligusa,
bamba la kumi na saba likaenda.
Si kama bilauri, vipande vitatu ukaviokota.
Lote, kwa mara moja, mlio wa changarawe juu ya bati,
chenga nyeupe sakafuni, kwenye daftari langu,
ndani ya kikombe cha Rigby.

Yeye ndiye bingwa wa kusoma vigae.
Hutafuta ukingo ulio laini kama kioo cha kujitazamia,
pembeni yake ukungu, kisha mistari, manyoya ya kunguru,
naye huifuata kinyumenyume hadi ilikotoka.
Alivaa miwani. Akapiga magoti, na magoti yake hayapendi sakafu.
Alipekua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Hapa," akasema, kibano kimeinuliwa kwenye taa.
"Ulikuwa hapa siku zote."
Na mkono ule, ambao miaka thelathini haukuangusha gololi nje ya alama,
ukaanza kutetemeka, ukakataa kuacha.

Sikumshika bega. Sikujua kama huku bega hushikwa.
Nilimwaga chai yenye chenga, nikachemsha nyingine.

Fomu ina mstari: chanzo cha kuvunjika.
Niliandika tarehe. Niliandika unyevu wa chumba, asilimia sitini na moja.
Mstari ule niliuacha, nikachukua ufagio.

Ufagio haukumaliza.
Hata sasa, Machi, nikivua viatu mlangoni,
hutoka punje moja, ya pembe nne, safi,
nami huishika kidogo kabla ya kuitupa.