Kilichokula Mafuta

Miaka sita nimeandika
tarehe, lita, kilomita, bei,
kwenye daftari linalolala ndani ya dashibodi
pamoja na risiti za vituo vyote vya Moncton.
Lita nane kwa kilomita mia.
Nane na nusu, theluji ikizidi.
Nililijua gari langu
kama unavyojua kikohozi cha mwenzako gizani.

Januari, kumi na moja.
Nikasema nimekosea hesabu.
Februari, kumi na mbili na ushei.
Nikainama uvunguni na tochi, saa mbili usiku,
magoti kwenye barafu, nikinusa kama mbwa wa forodha.
Hakuna tone.
Nikamshuku jirani, Mungu anisamehe,
yule kijana wa chini mwenye mpira wa kumwagilia bustani
msimu ambao hakuna bustani.
Nikanunua kifuniko cha tangi chenye ufunguo.
Gari likaendelea kula.

Réjean Cormier akalipandisha juu,
akazungusha magurudumu kwa mkono, sikio limeinama,
asikie kama breki zinang'ang'ania.
Akachomoa plagi, akakung'uta chujio la hewa.
Akapima tairi: baridi imezinyonya upepo, zote nne.
Akaniambia petroli ya majira haya huchanganywa nyepesi
ili iwake upesi, na wepesi huo tunaulipia sisi.
Kisha akatazama keria ya ski juu ya paa.
"Nani anateleza?"
"Binti yangu."
"Yuko wapi?"
"Vancouver."
"Basi unasukumana na upepo bure."
Tukaifungua. Bolti moja ilishika kutu, ikalia.

"Hayo yote pamoja, Shekue, lita moja na nusu.
Zilizobaki unazijua wewe.
Unakwenda wapi siku hizi?"

Nikafungua daftari nimwonyeshe
kuwa mimi si mtu wa ovyo.
Daftari likanisema.

Mwaka jana, kila Ijumaa: Fredericton,
kwenda na kurudi, mia tatu na hamsini na kitu,
Nakiete kiti cha mbele, viatu amevua,
akinisomea insha zake za baiolojia kwa sauti ya mtangazaji,
injini imeshapata moto, imetulia, inanong'ona.
Mwaka huu: dukani, mkate.
Dukani, maziwa.
Dukani tena, chumvi niliyoisahau makusudi,
maana Bi Doreen wa zamu ya jioni
huuliza habari zangu na hungoja jibu.
Posta. Dukani.
Kilomita moja, moja na robo,
mara nne kwa siku, na kila mara
nazima kabla mshale wa joto haujanyanyuka.

"Injini hii," Réjean akasema akifuta mikono,
"haijapata moto tangu vuli.
Ikiwa baridi, inakunywa tu. Haijaanza hata kazi, umeshaizima."
Hakuwa akizungumzia kitu kingine.
Alinitoza dola arobaini.

Kikulacho ki nguoni mwako,
nami nilikuwa nimenunua kufuli.

Jumapili nikaendesha hadi Shediac, bila shughuli.
Vibanda vya aiskrimu vimepigiliwa mbao,
ghuba imeganda, nyeupe hadi usipoona mwisho.
Lakini kabla ya hapo, nje kidogo ya mji,
mshale ulikuwa umeinuka, ukafika katikati, ukakaa.
Nikafungua hita. Miguu ikapata habari.
Nikaegesha, nikampigia Nakiete.
Kwake bado asubuhi, sauti ina mto ndani yake.
Akauliza niko wapi.
Nikamwambia, nalipasha gari.

Jioni nikajaza tangi, nikapiga hesabu:
nane na nukta nne.
Kwenye safu ya mwisho, ninapoandikaga sababu,
nikashika peni kwa muda,
kisha nikaandika: upepo wa nyuma.