Mtoto wa Jicho

Lilikaa ndani ya soksi ya sufu,
soksi ndani ya birika lisilo na mfuniko,
darini, moshi wa jikoni ulikopanda kila jioni.
Jiwe dogo, kijani kama maji ya dimbwi wanywapo kondoo,
na tundu katikati la kupitisha uzi.
Bibi Mallt hakuliita jiwe.
"Kamlete yule," alisema,
"macho ya mwana wa Ithel yanatoa tongo."

Asili yake, aliapa, ilikuwa hii:
usiku wa katikati ya kiangazi, nyuma ya kilima,
nyoka hukutana, vichwa pamoja, mikia nje,
kama wanawake wanaoteta kisimani,
wakapuliza povu mpaka povu likaganda.
Atakaye kulinyakua na akimbie avuke mto,
kwani nyoka wa bonde letu hawavuki maji yaendayo.
Babu wa babu yake alivuka na kiatu kimoja.
Cha pili kiko kulekule, nyoka wanalelea ndani yake.

Mimi nilijua kuandika. Daftari lilikuwa langu.

*Mjane Lowri. Kikohozi cha mtoto. Rehani: tembe mweusi.*
*Gruffydd wa machimboni. Chembe ya jiwe jichoni.
Rehani: viatu vya Jumapili.*
*Mke wa Cadell. Uchungu, siku ya pili.
Hakuacha kitu. Bibi amesema asidaiwe.*

Jiwe lilirudi.
Yeye hakurudi.
Chini ya jina lake sikuandika neno,
na Bibi, asiyejua a wala be,
aliweka kidole palepale penye weupe.

Mhubiri Tegwyn alipiga mimbari kwa ngumi:
"Jiwe ni jiwe!"
Jumatatu usiku akagonga mlango wa nyuma,
chokea kimeiva, kope imefumba kama mlango wa duka.
Bibi akamsugua mara tisa, kimya,
kisha akadai rehani kama kwa mtu yeyote.
Aliacha miwani.
Jumapili ile alisoma Maandiko kwa kichwa,
akaruka aya mbili nzima,
na kanisani hakuna aliyecheka
ila kikohozi kimoja kirefu ndani ya shali ya Bibi.

Ya kwake halikuyaponya.
Ukungu ulianza kulia, ukahamia kushoto.
"Nimezaa saba, nimezika watano," alisema.
"Huyu wa nane kachagua kukaa jichoni.
Mwacheni, angalau huyu hatoki."
Lakini kila asubuhi alininyoshea uso,
nami nikasugua, mara tisa, na mara tisa tena,
nikihesabu kwa sauti ili asinishuku nachoka.
Alikufa akiniita kwa majina ya wale watano,
nami nikaitika yote.

Leo nina miaka themanini na mmoja,
na mtoto yuleyule kahamia kwangu.
Alikuja kijana wa makumbusho, mpole, kucha safi,
akaliweka yule chini ya lenzi.
"Si jiwe, mama. Ni kioo. Ni shanga.
Watu waliiyeyusha kwa moto kabla ya makanisa."
"Na nyoka?" nikauliza.
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Kesho ni hospitali ya mjini,
kisu chembamba kuliko ukope.
Nimesaini karatasi zao kwa mwandiko uleule wa daftari.
Kisu nakiamini. Namwamini na daktari,
ingawa hajui nimezaliwa na nani.

Ila usiku huu nimepanda ngazi kwa kupapasa,
nimemtoa yule kwenye soksi,
nimemlaza juu ya kope.
Baridi.
Baridi ileile waliyoisikia Lowri na Gruffydd,
na mke wa Cadell, mkononi, alfajiri.
Hiyo haikuwa uongo.

Nimefungua daftari. Mistari naiona kama mvua.
*Gaenor, mjukuu. Mtoto wa jicho.
Rehani:*
bado nafikiri.